Naomba ushauri: vipimo vinasema sina kitu, lakini mwili haunipi amani

Kijana wa Bani (mleta uzi)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Humu mimi huwa msomaji tu, leo nimeshindwa.

Nina miaka 26, nauza spea za pikipiki Mwanza. Nimeoa, mke ana mimba ya miezi sita. Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa, tumbo linawaka moto, kichwa na mgongo haviishi kuuma, na kila saa tisa usiku naamka kama mtu aliyeitwa. Nimepima malaria, taifodi, sukari, hadi moyo. Kilichoonekana ni presha tu, 150/95. Daktari wa mwisho akaniambia, "Kijana, punguza mawazo." Nikalipa, nikaondoka. Yanapunguzwaje, hakusema.

Sasa niseme nisichowahi kumwambia mtu. Nimekulia Urambo, mkoani Tabora, baba alikuwa mkulima wa tumbaku. Wenzetu masoko yakifunguliwa wanafurahi, sisi ndiyo tulikuwa tunaanza kuogopa, maana hela ikiingia na gongo linaingia. Usiku tulimjua kwa mlio wa stendi ya baiskeli. Akiipiga teke kwa nguvu, mimi na mdogo wangu tunatokea dirishani tunakwenda kulala kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Mama alibaki ndani. Nilipofika darasa la tano mama akaondoka, sisi tukagawanywa kwa ndugu, mmoja huku mwingine kule. Nilikofikia nilikuwa nakula wa mwisho, kama kimebaki.

Wiki iliyopita tulibishana na mke juu ya hela ya kodi, nikabamiza sahani ukutani. Sikumgusa. Lakini alijikinga tumbo kwa mikono miwili. Ule mkao naujua.

Naomba kujua: mambo ya utotoni yanaweza kumuumiza mtu mzima mwilini kabisa? Na anaonwa nani?

Kisiki cha Mpingo

Dogo, nani hakuchapwa? Mimi mzee alinitandika kwa mnyororo wa baiskeli, leo nina watoto wanne na Fuso. Kizazi chenu mmedeka. Punguza chipsi, kimbia asubuhi.

Mama Wawili

Kisiki, kuchapwa kwa sababu mbuzi wameingia shamba la watu, na kulala kwenye bani ukisikiliza mama yako anapigwa, kwako ni sawa?

Mdogo wangu pole. Niulize: mkeo anajua lolote kuhusu Urambo? Wangu alikuwa anatoka kitandani usiku wa manane anakwenda kukaa kibarazani. Mwaka mzima mimi najua ni mchepuko, nimekagua simu mpaka nimechoka. Kumbe mtu anasikiliza kama geti limefungwa. Alipokuja kuniambia kisa chake nililia, halafu nikamchekea, maana nilishapanga na mabegi.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi, jibu la swali la kwanza ni ndiyo, ila usikimbilie kulaumu utoto kwa kila kitu. Nianze na mwili.

Presha haipimwi mara moja. Rudia siku tofauti, ukae kwanza dakika tano umetulia. Ikiendelea kuwa juu katika umri wako, waambie waangalie figo na tezi ya shingoni. Ukiandikiwa dawa, meza. Tumbo nalo: vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria aitwaye H. pylori au dawa za maumivu. Mawazo hulizidisha, lakini bakteria huyo haondoki kwa ushauri nasaha. Je, unameza dawa gani za mgongo? Na samahani kwa swali hili, lazima niulize: huwa unafikiria kujidhuru?

Kijana wa Bani

Asante dada. Kujidhuru hapana. Diklofenaki, dawa ya maumivu, nameza karibu kila siku, mwezi wa nne huu. Na enaji, vile vinywaji vya kuongeza nguvu, mbili kwa siku ili nisisinzie dukani.

Nesi wa Zamu

Haya, hapo tumeshapata wachawi wawili. Diklofenaki inachubua tumbo na inaweza kupandisha presha. Enaji zinaharakisha moyo na zinakunyima usingizi, kesho yake unahitaji nyingine. Anza kuziacha hizo leo, na daktari umtajie.

Sasa utoto. Mtu akiogopa, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo unakimbia, presha inapanda, ini linatoa sukari, tumbo linaacha kazi yake. Hatari ikipita, vyote vinashuka. Mtoto anayeogopa usiku baada ya usiku, ubongo wake unajengwa huku hofu ikiwa ndiyo hali ya kawaida. Wewe ni mtu wa pikipiki: ni kama umeivutia mafuta pikipiki ikiwa imesimama. Haiendi popote, lakini injini inachemka. Baba hayupo tena, bado mwili unaisubiri ile stendi saa tisa.

Nenda hospitali ya Bugando hapo Mwanza, idara ya magonjwa ya akili, uombe kuonana na mwanasaikolojia. Jina la idara lisikutishe, wale si wa waokota makopo peke yao. Kuna tiba ya mazungumzo, vikao kadhaa, inafundisha mwili kutofautisha jana na leo.

Neema Tele

Hii ni roho ya ukoo. Tafuta mtumishi wa Mungu mvunje madhabahu za baba.

Mama Wawili

Aombewe, hakuna anayekataa. Na Bugando aende.

Panya wa Maktaba

Nimwongezee Kisiki kidogo. Mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 9,500 wa San Diego. Waliuliza mambo saba ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kunajisiwa, mama kupigwa, mlevi ndani ya nyumba, mgonjwa wa akili, mfungwa. Waliopitia manne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, sonona (ugonjwa wa huzuni kali) na kujaribu kujiua kati ya mara 4 hadi 12 ya wasiopitia hata moja. Magonjwa ya moyo na ini nayo yalipanda kadiri idadi ilivyopanda. Na hao wengi wao walikuwa watu wenye bima na elimu, si watu wa mitaa ya shida.

Hapa kwetu utafiti wa kitaifa wa 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu walisema walipigwa kabla ya miaka 18. Kwa hiyo ni kweli, karibu wote tumechapwa. Hiyo inaonyesha ukubwa wa tatizo, haionyeshi kwamba halipo.

Mleta uzi, usianze kujihesabia. Zile ni hesabu za kundi, si ramli ya mtu mmoja. Wapo wenye mambo sita wanaoishi wazima kabisa, hasa waliopata mtu mzima mmoja wa kuwashika mkono.

Kisiki cha Mpingo

Sawa wasomi. Hiyo idara ya Bugando, Jumamosi wanafungua? Namuulizia rafiki.

Nesi wa Zamu

Kawaida ni siku za kazi, ila aulizie kwanza. Rafiki yako asinywe chai ya rangi vikombe vitatu kabla ya kupimwa presha.

Kijana wa Bani

Mrejesho, wakuu. Enaji nimeacha siku ya tisa leo, kichwa kiliniuma siku tatu za mwanzo kama nimepigwa nyundo. Presha jana 138/88. Nimepangiwa mwanasaikolojia Alhamisi.

Mke nimemwambia jana, taa imezimwa, maana usoni nisingeweza. Alinyamaza muda mrefu. Nikajua ataniuliza kuhusu baba. Akauliza, "Mdogo wako naye analala?"

Sina jibu. Yuko Kahama, hatujaongea zaidi ya mwaka. Usingizi ukanikimbia, nikatoka nje nikampigia bila kutazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi usiku. Akapokea mlio wa kwanza.