Kati ya 2009 na 2019 nini hasa kilivunja TV ya sebuleni?

Mtoto wa Mbagala

Wakuu habari za muda huu. Kijiweni tumebishana mpaka watu wakanyimana kahawa, kwa hiyo naileta huku. Ndani ya ile miaka kumi, 2009 mpaka 2019, kitu gani hasa kilibadilisha namna tunavyokaa nyumbani na kuburudika? Wengi wanajibu "smatifoni" halafu wanafunga mjadala. Mi nakataa. Smatifoni ilikuja ikakuta sebule imeshapwaya.

Hoja yangu hii hapa. 2009 mtaani kwetu TV ilikuwa ya chogo na antena iko juu ya mlingoti wa mwanzi, mmoja yuko nje anaizungusha mwingine yuko ndani anapiga kelele "hapo hapo, usiachie!", chengachenga zikipungua watoto wa nyumba tatu wanajipanga chini kwenye jamvi na hakuna wa kuuliza nani kalipia nini maana hakuna kilicholipiwa. Ikafika tarehe 31 Desemba 2012, Dar ikazimwa analojia, na mwaka uliofuata mikoa mingine ikaanza kufuata. Toka hapo TV ina king'amuzi, king'amuzi kina kadi, kadi ina kifurushi, kifurushi kina tarehe ya kuisha. Jirani akija mwisho wa mwezi anakuta kioo kinasema lipia, anaaga kwa adabu anarudi kwake. Hata zile simu za Kichina zenye antena ya kuvuta, za kuangalia TV, mnazikumbuka? Zikabaki tochi na redio.

Mi naona hapo ndo ujirani wa TV ulikufa, miaka kadhaa kabla kila mtu hajawa na simu ya kupangusa. Nambieni kwenu ilikuwaje. Ila jamani msiniletee orodha ya matoleo ya simu.

Baba Kijacho

Smatifoni mkuu. Mjadala umefungwa 😂

fundi_memori

Naomba niseme maana hii mada inanihusu tumboni kabisa. Nilikuwa na kibanda cha kuingiza nyimbo Morogoro, upande wa Msamvu. Kompyuta moja ya mezani, kadi rida, spika mbili ziko nje zinapiga toka asubuhi. Mteja anakuja na memori kadi ya GB 2, anakaa kwenye benchi, anaanza "niwekee Bongo Fleva mpya, taarabu kidogo za waifu, na zilipendwa usisahau". Video nazibadilisha ziwe 3GP ndo ziingie kwenye simu ndogo, picha inakuwa kama unachungulia kwenye tundu la kitasa lakini mtu anaondoka kafurahi. Mzigo nilikuwa nautoa Waptrick na Tubidy, zile tovuti za kupakua nyimbo na video, kwa bando la usiku, saa sita mpaka alfajiri silali, asubuhi namuuzia mtu ambaye hana bando kabisa. Msanii hakuwa anapata kitu, hilo wote tulikuwa tunalijua na hakuna aliyeuliza. 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za TRA kwenye CD, sasa mi CD ya kubandika stempu ninayo wapi?

Adui yangu mkubwa alikuwa vile virusi vya shotikati, vinavyogeuza mafolda yote yanakuwa shotikati. Kadi ya mwanafunzi mmoja inaingia, mashine inaugua, mashine inaambukiza kila kadi ya siku hiyo, kesho yake wamejaa mlangoni kila mtu anasema nyimbo zake zimekufa. Hazijafa, zimefichwa tu humo humo ndani, lakini kamwambie hivyo mama wa watu ambaye kwaya zake hazionekani na Jumapili ni kesho.

Sasa kilichoniua. Watu wanadhani YouTube. 2014 nani alikuwa anaangalia video kwa bando la buku? Kilichoniua ni Xender na SHAREit. Kabla yake kulikuwa na blututhi, na blututhi haikunitisha hata siku moja maana wimbo mmoja unasubiri mpaka mazungumzo yanaisha, filamu ndo usiseme. Hizi mbili zikaja simu inarusha kwa simu nyenzake kwa waifai yake yenyewe, bando halihitajiki, filamu nzima inapita ndani ya dakika chache mmekaa tu kwenye daladala. Mteja mmoja akishaingiza kwangu kwa buku, bweni zima linapata bure. Kufikia 2016 nilikuwa nauza zaidi makava na chaja, halafu tarehe 16 Juni TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, wakazima simu feki, na wale wateja wangu wa simu za Kichina waliokuwa wamebaki wakaondoka nayo. Nikanunua mashine ya fotokopi. Saivi ni stesheneri.

Kwa hiyo mtoa mada, ya sebuleni sijui, ila kibanda changu hakikuuliwa na intaneti kama watu wanavyosema. Watu waligawana vitu bila intaneti na mimi nikawa sina kazi.

Mama Wawili Tanga

Nyie mnazungumza antena na memori, mie nizungumzie nani anashika rimoti.

Kwetu tunaishi na mama mkwe, Kiingereza hajui. Zamani tamthilia za Kifilipino na za Kimeksiko zilikuwa zinaonyeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo bibi anahitaji mkalimani, na mkalimani mwenyewe ni mjukuu wa kidato cha pili ambaye kila wakifika kwenye mapenzi anaona aibu anaruka, bibi anabaki anauliza "sasa hawa wamegombana saa ngapi?" Mwaka 2011 TBC, televisheni ya taifa, ikarusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Jamani. Bibi akawa yeye ndo anatuhadithia sisi tuliochelewa kutoka kazini, nani kamkosea nani, na hukumu juu. Baadaye Azam TV wakaleta za Kituruki kwa Kiswahili, basi ikawa imeisha, saa ile hata mgeni akibisha hodi anaambiwa subiri tangazo.

Halafu 2018 TCRA wakasema ving'amuzi vya kulipia visibebe zile chaneli za bure, tukawa na ving'amuzi viwili juu ya TV moja, rimoti tatu, na anayejua ipi ni ipi ni bibi peke yake. Sebule ya kwangu haikuvunjika mtoto wa Mbagala. Ilipinduliwa. Mume wangu ndo akahamia kwenye simu, na msidhani aliipenda hiyo simu, alifukuzwa.

Omosh wa Kayole

😂😂 mama Wawili umeniua.

Niaje wadau, nawasoma kutoka Nairobi. Huku kwetu hiyo kuzima analogi ilikuja na vita. Februari 2015 Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoka hewani karibu wiki tatu juu ya mvutano na serikali, wiki tatu bana, mtu anafika nyumbani jioni anawasha TV anaangalia giza. Mtaa wetu movie shop zilivuna kweli, unaenda na flash unatoka na series nzima, na vibanda vya movie za DJ Afro, yule jamaa wa kutafsiri movie, vilijaa mpaka watu wanasimama nje kwa dirisha. Mzee wangu alikuwa mtu wa habari tu, hizo wiki tatu ndo alimjua DJ Afro na mpaka leo hajawahi kurudi.

Lakini kuna kitu hamjataja kabisa, pesa ya simu. M-Pesa ilianza hapa 2007, nyinyi mkaipata 2008. Hebu fikirieni king'amuzi kimekatika, mechi ni saa tatu usiku, ungelipia aje? Uvae viatu utafute ofisi ya nani saa hiyo? Hii mambo yote ya kulipa kidogo kidogo, bando ya siku, king'amuzi ya wiki, hakuna hata moja ingewezekana kama pesa haingekuwa imeshaingia kwa simu kwanza. Hata kubet. Betting ilikuwa kitu ya watu wa kasino, ikawa unaeka fifty bob ukiwa umelala. Mimi kama ni kura, naipa M-Pesa, smartphone namba mbili.

Mzenji halisi

Watu wa bara mna mambo. TVZ ya huku Zanzibar inaonesha rangi tangu miaka ya 1970, nyinyi TV mmeanza kuziona 1994, leo mnatuhadithia zamani za TV 😀

Mie nilichokiona huku ni baraza. Kahawa ipo, dhumna ipo, watu wapo, lakini kila mtu kainamia yake. Na anayezungumza anazungumza na Muscat. Zamani kumpigia mtu Oman unanunua kadi, unakwangua, salamu za watu wa nyumba ya kwanza hazijesha kadi ishakwisha. Saa hizi shangazi anatuma voisi za WhatsApp, maana kupiga kwa WhatsApp kule wamekuzuia, basi anarikodi tu, voisi moja dakika nne, nyengine dakika sita. Harusi iko mtaa wa Ng'ambo hapa hapa Unguja, yeye yuko Muscat, na anatoa amri biriani ipikwe na nani. Tulikuwa tunammiss shangazi, sasa tunamkimbia.

Nshomile wa Kamachumu

Mi huwa napima kwa misiba. Kanumba, yule mwigizaji, alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012. Mimi nilipata kwa meseji ya kawaida asubuhi, wengi tukasema uzushi huo, tukafungua redio kuhakikisha. Redio ikisema ndo imekuwa kweli. Baada ya hapo waliokuwa Dar wakaenda viwanja vya Leaders kumuaga, tuliokuwa mikoani tukabaki na picha za gazeti la kesho yake.

Haya, Ruge Mutahaba wa Clouds, Februari 26, 2019, kafia Afrika Kusini. Magrupu yalishajaa picha zake na mshumaa kabla sijajua hata habari imetokea wapi, na mpaka mwili unafika huku kwetu Bukoba watu wanaufuata laivu kwenye simu, barabarani, shambani, mpaka ndani ya benki kwenye foleni. Mtu wa redio mwenyewe, redio haikuwa ya kwanza kutuambia. Miaka saba tu imepita hapo katikati. Na wazushi nao walinufaika, siku hizi mtu anauliwa kwenye WhatsApp Jumatatu, Jumanne anatokea anakula chipsi.

Mtoto wa Mbagala

Nimesoma zote. fundi_memori hiyo ya Xender sikuwa nimeiwaza kabisa, na Omosh naona hoja yako inaibeba ya kwangu, maana kifurushi bila pesa ya simu kisingetembea. Mama Wawili mpe pole shemeji.

Ila kuna kitu hakijaniingia. Kama kila mtu ana kioo chake mfukoni, mbona kibanda umiza, kile cha kulipia kuangalia mpira, hakijafa? Kwetu huku vibanda vya filamu vimeisha, kimoja saivi ni saluni, lakini vya mpira viko pale pale na siku ya Simba na Yanga hupati hata pa kuegemea.

Baba Kijacho

Sasa hapo ndo naongea siriazi. Mkeka, ule wa kubeti.

Kwanza kifurushi chenye mpira wote siyo bei ya mtu wa kawaida, na mpira kwenye simu unakula bando mpaka unaona huruma, dakika ya 70 umeshakatwa. Kwa hiyo kibanda bado ni nafuu, hilo moja. Lakini zamani kibandani unajua huyu Arsenal huyu Man U, kila mtu na jezi yake na matusi yake. Saivi jamaa kakaa na timu kumi na mbili kwenye mkeka, anashangilia kona, anashangilia kadi ya njano, timu inacheza Uturuki na jina lake hawezi kulitamka. Dakika ya 88 goli likiingia nusu ya kibanda inaruka na nusu inachana karatasi, na wote ni mashabiki wa Yanga! 2017 Simba na Yanga zenyewe zote mbili zilikuwa zimevaa SportPesa, kampuni ya kubeti, kifuani, we ulitegemea shabiki afanye nini?

Halafu ukichanika peke yako chumbani unaumia. Kibandani mnachanika kumi, mnacheka, mnaenda kula chipsi kavu.

Nshomile wa Kamachumu

Nje ya mada kidogo. Mmemtaja DJ Afro hapo juu, sisi tulikulia kwa Lufufu. Nyumbani kijijini kuna kanda za VHS za filamu za Kichina alizotafsiri yeye, ziko kwenye boksi juu ya dari na nilipochungulia Krismasi baadhi zina ukungu mweupe. Nani humu anaweza kuzihamishia kwenye flashi? Filamu zenyewe sizihitaji, nataka sauti ya yule mzee.

fundi_memori

Zenye ukungu usithubutu kuziingiza kwenye deki hivyo hivyo, utachafua hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma kanda, na kanda inayofuata nayo itakula hasara. Tenga zilizo safi na chafu, usizianike juani. Deki ninayo, ya kazi kabisa, na kile kifaa cha kuunganisha na kompyuta nacho nimekinunua, ila kanda inahamishwa kwa muda wake wote, ya masaa mawili ni masaa mawili, hamna njia ya mkato. Zitume kwa basi mpaka Msamvu halafu njoo inboksi tuongee bei. Na siyo ya buku.