Wakuu, nakala ya mtu ni yule yule? Mchumba kanijibu, silali

Doto_Kimara: Habari wakuu. Juzi tumekwama kwenye foleni barabara ya Morogoro, nikamuuliza mchumba wangu: ingekuwepo mashine ya kunivunja hapa chembe kwa chembe na kuniunda upya Posta, anayetokea kule ni mimi? Akajibu hapo hapo: "Akinikumbuka na akicheka kama wewe, ni wewe. Ningemchukua." Usingizi umekata. Ndoa mwezi ujao. Nifanyeje?

Mbezi_Mwisho: Ije hata kesho! Mwaka wa sita huu naamka saa kumi alfajiri niwahi kazini Posta, narudi mtoto kalala. Wakinivunja kila asubuhi poa tu, mradi jioni nimkute macho.

Fundi_Redio: Kwanza tuelewane. Mwaka 1997 timu ya Anton Zeilinger kule Innsbruck, Austria, ilihamisha hali ya fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, kwenda kwa nyingine. Hali tu, si fotoni yenyewe, na ile ya kwanza huipoteza. Fizikia hairuhusu zote mbili zibaki nayo.
Ila Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1984 aliwaza mashine iliyoshindwa kumfuta mtu: yeye kabaki Duniani, nakala yake iko Mars. Kwake, kung'ang'ania "yupi ni mimi" hakuna maana kubwa, la msingi ni kumbukumbu na tabia kuendelea. Mimi nakataa. Aliyebaki Duniani akifa, kafa.

Mama_Zawadi: Roho anaitoa Mungu, haipiti kwenye waya. Lakini mwanangu, maneno ya kwenye foleni hayamnyimi mtu usingizi. Umeficha nini?

Doto_Kimara: Shikamoo mama. Mimi ni Doto kweli. Kulwa wangu alifariki mwaka juzi, ajali ya pikipiki. Huyu binti alikuwa mchumba wake. Mahari nimetoa, ukumbi umelipiwa, wazee wa pande zote wameridhia. Msiniambie nivunje, nampenda.

Kijiwe_Nongwa: Chai hii, tena ya tangawizi. Mashine, Mars, sasa pacha marehemu? Kama ni hadithi sema, tutasoma.

Mbezi_Mwisho: Hata mimi nimeanza kushtuka. Mleta mada, jibu.

Doto_Kimara: Kulwa alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, lilitokana na jembe tukiwa wadogo. Jembe nilishika mimi. Binti akijisahau, kidole chake kinapita kwenye nyusi yangu polepole, kinatafuta. Hakipati kitu. Anaurudisha mkono mapajani, tunanyamaza wote. Hilo nitunge ili iweje?

Kijiwe_Nongwa: Pole ndugu yangu. Nimefuta kauli.

Mama_Zawadi: Marahaba. Siku nyingine usimwache aurudishe, ushike huo mkono mlitaje jina la Kulwa mkiwa wawili, kabla ya harusi. Sasa nijibu na hili: wewe ulianza kumpenda lini, baada ya msiba au kabla?

Doto_Kimara: Kabla, mama.