Ngoma Safarini 🥁 Ijumaa usiku, Arles, Ufaransa

Mama Somoe (Katibu) 19:02
Jamani kesho Jumamosi ndiyo soko. Saa 12 na nusu asubuhi wote mlangoni, njuga mkononi. Soko linafungwa mchana, na tukichelewa nafasi yetu wanapewa wenyeji wa farandole, ngoma yao ya huku.

Mama Somoe (Katibu) 19:15
Mbona kimya? Nawaona mmesoma.

Saidi 19:31
Katibu, ngoma zitaota moto wapi? Nimepita Boulevard des Lices, barabara ya soko, meza na miavuli mwanzo mwisho. Ukiwasha kuni pale ni polisi.

Mama Somoe (Katibu) 19:32
Tutazianika juani.

Saidi 19:34
Jua lipi? Miti imefunika barabara yote. Na vinganga, zile ngoma ndogo za kuchomeka chini, nivichomeke wapi, kwenye lami?

Hamisi 19:35
Vichomeke kwenye jibini 😂 Leo nimeona moja kubwa kama gurudumu la trekta

Tatu 19:35
😂😂😂

Mama Somoe (Katibu) 19:37
Hamisi acha. Saidi, kando ya barabara kuna bustani, Jardin d'Été, ina udongo. Yule kijana wa Kingazija aliyetupokea Marseille atatuombea ruhusa.

Tatu 19:50
Bustanini nani atatutunza? Wenye pesa wako kwenye meza za zeituni.

Zainabu 20:08
Mmetaja tunza, basi nauliza tena. Ile ya Bagamoyo iligawiwa lini?

Mama Somoe (Katibu) 20:09
Zainabu, hilo tulilimaliza.

Zainabu 20:11
Mlilimaliza ninyi. Mimi nilikuwa nauguza. Kesho bakuli ashike mtu mwingine, na euro zihesabiwe palepale.

Saidi 20:12
👍🏾

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Somoe (Katibu) 20:30
Sawa, ashike Tatu. Lingine: mwenyeji anataka lipiko, kile kinyago chetu cha kuchezea, litoke sokoni. Picha yake wameshaibandika kwenye tangazo.

Saidi 20:33
Mh. Babu anajua?

Hamisi 20:34
Livaliwe ndani ya gari la kuku wa kuchoma 😂

Babu Newala 21:26
Nimesoma yote. Lipiko halivaliwi mbele za watu. Wanawake na watoto hawaoni linavyofungwa, iwe Newala iwe Ulaya. Kama hakuna pa kujificha, libaki sandukuni. Na pesa ya ngoma huhesabiwa wote tumekaa mkekani. Zainabu hajakosea.

Hamisi 21:28
Shikamoo Babu 🙏🏾

Saidi 21:28
Shikamoo Babu. Tumesikia.

Mama Somoe (Katibu) 21:40
Shikamoo Babu. Tumepokea. Jamani basi kesho sindimba tu, mwenyeji nitamweleza mimi. Saidi atangulie na vijana wawili wakaone hiyo bustani. Akina nani?

Mama Somoe (Katibu) 22:05
Nani anatangulia na Saidi??

Mzee Dadi 23:12
Nilikuwa nimelala. Ile bustani nimeiona jana, upande wa ndani ina ukuta wa zamani, karibu na magofu ya Warumi. Mtu anavaa pale haonekani. Babu, panafaa?

Mama Somoe (Katibu) 23:14
Babu keshalala, huko Newala ni saa sita. Usimpigie.