Nyumba ya Alfriston: sakafu ya maziwa yaliyoganda, kweli?

Fundi_Pangani
Wadau, habari za leo. Niko Uingereza kwa mwanangu. Jumapili alinipeleka kijiji cha Alfriston, Sussex, kuona nyumba iliyojengwa karibu mwaka 1400. Nikatarajia mawe. Lo! Nguzo za mwaloni, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi. Nyumba ya bibi yangu kabisa, ila mbao zao nene kama paja la mtu. Sasa, ukumbi wa katikati hauna dari, unaona mpaka kenchi. Walikuwa wakiwashia wapi moto? Na mwongozaji kasema sakafu ni chaki na maziwa yaliyoganda. Nikamwambia mwanangu arudie kutafsiri. Jibu likawa lile lile.

Kichuguu
Shikamoo mzee. Moto ulikuwa katikati ya sakafu ya huo ukumbi, moshi ukapanda ukajitafutia njia juu. Ndiyo maana hakuna dari. Dohani zilikuja kuenea kwenye nyumba za aina hiyo kuanzia miaka ya 1500. Ghorofa ziko ncha mbili za nyumba tu, na vyumba vya juu vimechomoza mbele kidogo kuliko vya chini, sijui kama uliangalia.

Fundi_Pangani
Marahaba. Niliangalia, nikadhani nyumba imeanza kuinama!

Mama_Zuhura
Maziwa ni kweli, kaka. Chaki wanaichimba vilima vya pale pale. Wanaiponda, wanaishindilia, halafu wanamwagia maziwa yaliyochacha. Maziwa yana protini iitwayo kasini, ikikauka inashika kama gundi. Bibi zetu walisiriba kwa samadi, wao maziwa. Tofauti ni nani ana ng'ombe wengi.

Kichuguu
Nikuongezee na historia yake. Inaitwa nyumba ya makasisi kwa sababu ilikuja kuwa mali ya kanisa, lakini baadaye iligawanywa wakapangishwa vibarua wa mashambani. Ikachakaa mpaka kanisa lenyewe likataka kuibomoa. Kasisi wa kijiji ndiye aliyeipigania. Mwaka 1896 National Trust, shirika la kuhifadhi urithi lenye umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, likainunua kwa pauni 10. Ndilo jengo lao la kwanza.

Fundi_Pangani
Pauni 10! Juzi tumelipa zaidi ya hiyo kwa chai na keki mbili.
Ahsanteni. Ile sakafu niliinama nikaipapasa kwa kiganja: ngumu, baridi, inateleza kidogo kama chungu kilichosuguliwa. Hapakuwa na ufa niliouona, na mimi nyufa ndizo ninazotafuta kwanza. Nikirudi nitajaribu kwa chokaa kwenye banda la kuku. Mama watoto kashaonya kwa simu kwamba mtindi wake nisiuguse.