Ukoo wa Bakari (Uingereza na Tanga): safari ya Jumamosi

*Jumatano*

Dada Rukia: Assalaam alaykum wote. Safari ya Northumberland ni Jumamosi hii. Tunatoka Newcastle saa tatu asubuhi, narudia saa TATU. Craster kwanza, tunatembea mpaka magofu ya Dunstanburgh, kisha ngome ya Bamburgh, alasiri tunavuka kwenda kisiwa cha Lindisfarne. Naomba majina leo.

Dada Rukia: Naona tiki za bluu kibao. Jina hata moja.

Mwanaidi: 👍🏾

Dada Rukia: Mwanaidi, hicho kidole ni watu wangapi?

*Alhamisi*

Kassim: Dunstanburgh gari inafika mlangoni?

Dada Rukia: Haifiki. Ni kama kilomita mbili kwa miguu kutoka Craster. Majani, kondoo, na bahari mkono wa kulia.

Kassim: Na magoti ya Mama je?

Dada Rukia: Mama atabaki Craster na Zuhura, kuna samaki wa moshi.

Zuhura: Nani kakwambia nabaki?

Shemeji Hamisi: Mwenye ile ngome ya Dunstanburgh alianza kujenga 1313. 1322 akakatwa kichwa.

Kassim: Kama nyumba yako ya Kange, shem. Msingi tangu enzi hizo

Shemeji Hamisi: 😂😂 Mimi kichwa bado ninacho

Dada Rukia: Jamani MAJINA. Wenye basi wanataka idadi.

Zuhura: Sisi shida yetu ni mnara wa taa wa Longstone. Nuru kapewa kazi ya shule juu ya Grace Darling. Baba yake ndiye aliyekuwa mtunza taa pale. Alfajiri ya tarehe 7 Septemba 1838 binti akachungulia dirishani, akaiona meli Forfarshire imevunjikia mwambani. Wakashuka na mashua ya makasia, yeye na baba yake tu, na dhoruba ile. Watu tisa waliokolewa, safari mbili. Grace alikuwa na miaka 22! Nuru keshauchora mnara, mwekundu na mkanda wake mweupe. Tusipouona nimwambie nini?

Kassim: Wanaume wa ukoo huu nani angeshika kasia? Hamisi angeulizia kwanza nani analipa

Shemeji Hamisi: Wewe hata bwawa la kuogelea unaingia na ngazi

Dada Rukia: Longstone ni boti za Seahouses, na upepo ukichafuka haziendi. Mnakumbuka.

Mwanaidi: Tunakumbuka. Tunakumbuka na nauli iliyorudishwa kwenye kadi ya mtu.

Shemeji Hamisi: Haya, yameanza.

Mwanaidi: Pauni zangu na za wanangu, tangu mwaka juzi. Jina sijataja.

Shemeji Hamisi: Shemeji, pale bandarini nani alinunulia watu wote samaki na chipsi?

Mwanaidi: Wanangu walikula chipsi tupu.

Zuhura: Kama tunafukua, tuanze na ile pilau.

Dada Rukia: Pilau ISIGUSWE humu.

*Ujumbe huu umefutwa*

Dada Rukia: Nimeuona, Kassim.

*Ijumaa*

Shemeji Hamisi: Ile barabara ya Lindisfarne inafunikwa na maji saa ngapi?

Dada Rukia: Ratiba inasema saa saba mchana mpaka karibu saa moja jioni. Saa saba kasoro robo tunakuwa tumeshavuka, tunashinda kisiwani, tunatembelea magofu ya watawa, jioni tunarudi.

Kassim: Saa saba kasoro robo. Ukoo huu. 🤣

Shemeji Hamisi: Tukichelewa tunalala kwenye kile kibanda cha nguzo cha waliokwama. Rukia atalipia chumba

Kassim: Mimi nataka upande wa bahari

Shemeji Hamisi: Pande zote ni bahari kaka

Babu Tanga: Rukia. Kesho mwezi kumi na nne. Bamvua hilo. Maji ya bamvua hayamngoji anayetafuta kiatu cha mtoto. Marehemu Omari alikuwa nahodha na yaliyompata mnayajua. Hiyo alasiri msivuke.

Dada Rukia: Tumesikia Babu. Shikamoo.

Zuhura: Shikamoo Babu.

Kassim: Shikamoo Babu. Tulikuwa tunatania tu.

Babu Tanga: Marahaba. Mama yenu avae soksi.

Dada Rukia: Basi tunageuza. Lindisfarne KWANZA. Newcastle tunatoka saa moja asubuhi, saa sita kamili kila mtu yuko bara. Dunstanburgh baadaye. Bamburgh tutaiona tukiwa njiani, iko juu ya mwamba, haikosekani.

Kassim: Saa moja? Mimi zamu ya usiku inaisha saa mbili.

Dada Rukia: Panda treni mpaka Alnmouth, utachukuliwa.

Kassim: Na nani?

Zuhura: Na Longstone?

Dada Rukia: Tutaangalia upepo.

Zuhura: Hilo si jibu, Rukia. Mtoto kalala na mchoro kitandani.

Mwanaidi: Mimi nakuja, ila nauli ya basi akatwe yule yule.

Shemeji Hamisi: Yule yule nani?

Dada Rukia: Basi lina viti kumi na sita. Asiyejibu mpaka saa nne usiku namhesabu hayupo.

Mjomba Salim: Salaam. Ndo nafungua simu. Safari ya lini?

Dada Rukia: Mjomba, soma juu.

Mjomba Salim: Nimesoma. Sisi tuko saba.

Dada Rukia: Saba na nani tena???