Udongo umeshindiliwa: nibadilishe mazao au nimwage samadi?

Jembe_Mbili: Habari wadau. Shamba limekuwa gumu, maji ya mvua yanatuama na mizizi ya mahindi inatambaa pembeni. Msimu huu namudu jambo moja tu: samadi shamba zima, au niache mahindi nipande mbaazi? Mbolea ya viwandani naweka kila mwaka.

Udongo_Hai: Mfinyanzi au kichanga? Ugumu unaanzia kina gani? Mahindi miaka mingapi mfululizo? Bila hayo tutabahatisha.

Mboji_Tele: Samadi, ndugu. Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, wanalima ngano shamba la Broadbalk tangu 1843. Kipande kinachopata tani 35 za samadi kwa hekta kila mwaka udongo wake ni mwepesi kuliko vya mbolea ya viwandani pekee. Mboji hushikanisha chembe, hewa na maji vikapata pa kupita.

Mbaazi_Kwanza: Tani 35 atazitoa wapi? Halafu samadi huishia jembe linapofika. Mzizi wa mbaazi unashuka zaidi, na ukioza unaacha njia.

Jembe_Mbili: Ni mfinyanzi. Mahindi mwaka wa sita. Nalimia trekta.

Udongo_Hai: Trekta ndiyo ungeanza nayo! Kina bado hujasema.

Mvua_Kubwa: Yalinikuta. Nililima mfinyanzi umelowa kwa sababu trekta ya kukodi ilikuwa inaondoka kesho yake. Baadaye nachimba, sentimita 20 chini nakuta kama sakafu. Samadi misimu miwili: juu pakalainika, chini vilevile. Mbaazi nazo mizizi ilifika pale ikapinda, nikaambulia patupu. Zilishika baada ya kupasua lile tabaka wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu kabisa. Chimba shimo kabla hujanunua chochote.

Mboji_Tele: Mbolea ya viwandani nayo inagandisha udongo.

Udongo_Hai: Si hivyo. Urea ya miaka mingi huongeza asidi, kweli. Ila mahindi yakistawi, mizizi na mabua huongezeka, na hiyo ni mboji, ili mradi usichome. Anayetaka uhakika apime: chukua udongo kwa kopo la ujazo unaojulikana, kausha kwa nyuzi 105, gawa uzito kwa ujazo. Mfinyanzi ukikaribia gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo, mizizi inakwama.

Jembe_Mbili: Mabua sichomi, wanakula ng'ombe.

Mbaazi_Kwanza: Unawakatia, au wanaingia shambani wenyewe? Kwato kwenye mfinyanzi uliolowa zinashindilia vibaya sana.

Jembe_Mbili: Wanaingia. Shimo nitachimba kesho asubuhi.