Mrushaji anawamaliza, kocha anamtoa: ni sawa?

Mleta mada: Wakuu, hakuna mechi ya besiboli ninayoipenda kama ile inayoisha 1-0, na naona makocha wa siku hizi wanatuharibia kwa kumtoa mapema mrushaji, yule anayewarushia wapinzani mpira wa kupiga. Oktoba 2020, mechi ya sita ya World Series (fainali ya besiboli ya Marekani, bingwa ni wa kwanza kushinda mechi nne), Tampa Bay Rays wanaongoza 1-0 dhidi ya Los Angeles Dodgers. Mrushaji wao Blake Snell ameshawatoa wapigaji 9 kwa straiki (straiki tatu, mpigaji nje), hajampa mtu kituo cha bure kwa kurusha vibaya, ameruhusu hiti 2 tu, yaani mipira iliyopigwa ikamfikisha mpigaji kituoni. Ile ya pili ilipopigwa, awamu ya sita kati ya 9, akiwa amerusha mipira 73, kocha wake Kevin Cash akatoka kumchukua. Akaingia mrushaji mwingine, Nick Anderson. Aliyefuata kupiga ni Mookie Betts, ambaye Snell alishamtoa kwa straiki mara mbili usiku uleule. Betts akapata hiti ya vituo viwili, na kabla awamu haijaisha Dodgers wakawa mbele 2-1. Wakamaliza 3-1, ubingwa wao.

Sasa kumbukeni World Series ya 1991, Minneapolis, mechi ya saba. Awamu 9 zimeisha 0-0. Jack Morris, mrushaji wa Minnesota Twins, miaka 36, akakataa kupumzika, akarusha na ya 10. Gene Larkin akapiga hiti, Twins wakashinda 1-0. Ningefurahi kusikia mtu akitetea alichokifanya Cash.

Mchangiaji wa kwanza: Nakitetea mimi, mkuu. Mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule mara ya tatu huwa ameshamsoma, ndiyo maana Cash aliogopa. Tena Snell mwaka 2020 hakuna mechi hata moja aliyomaliza awamu ya sita. Na mbona hujataja fainali ya Japani 2007? Daisuke Yamai wa Chunichi Dragons alirusha awamu 8 bila mpigaji yeyote kufika kituo cha kwanza, timu inaongoza 1-0, ikibaki awamu moja tu kutwaa ubingwa. Kocha Hiromitsu Ochiai akamtoa! Hitoshi Iwase akawamaliza watatu waliobaki, na Chunichi wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1954. Lawama zilimwandama Ochiai, lakini kombe alilileta.

Mleta mada: Huo mfano wako unanisaidia mimi, ndugu. Yamai kidole kilikuwa kinatoka damu. Ochiai alikuwa na jambo la kuona kwa macho. Snell kilichomtoa ni jedwali la hesabu lililoandaliwa kabla ya mechi. Sipingi kulinda viwiko vya warushaji: Dodgers walipomtoa mrushaji wao Clayton Kershaw Aprili 2022 baada ya awamu 7 bila mpigaji yeyote kufika kituoni na mipira 80, msimu ulikuwa ndio unaanza na mkono wake ulitoka kuuma mwaka uliotangulia. Niliumia, ila nilielewa. Lakini Rays walikuwa nyuma kwa mechi 3-2 katika fainali. Wakipoteza, msimu umekwisha. Huo mkono ulikuwa unatunzwa kwa ajili ya mechi gani?

Mchangiaji wa pili: Wote mnamsahau Anderson. Kabla ya usiku ule alikuwa ameruhusu pointi katika mechi 6 mfululizo alizoingia. Kama kocha anafuata hesabu, hizo nazo ni hesabu, na zilikuwa mezani kwake. Anayemtetea Cash anijibu hapo: hata tukikubali Snell atoke, kwa nini aingie yule?